Nataka kusafisha meno ya wengine, yangu nayaficha kwa kiganja

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Safu hii naisoma tangu nikiwa Tanzania, na sikuwahi kudhani siku moja ningekuandikia mimi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Texas, Marekani, mwaka wa saba sasa. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Historia. Huku nabeba boksi kama wengine: ni msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee, shifti ya usiku. Kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kubadili mashuka. Mgongo umeshaanza kunisemesha.

Katika kazi zote hizo kuna moja naipenda, nayo ni kuwasafisha wazee vinywa. Mwaka juzi kulikuwa na mzee aliyegoma kula siku tatu. Ikaandikwa kwamba amepoteza hamu ya chakula. Usiku nikamvua meno yake ya bandia nimsafishie, nikamulika kwa tochi ya simu, nikakuta chini yake pamekuwa pekundu, pana kidonda, na uchafu ulioganda siku nyingi. Nikatoa taarifa, akatibiwa. Wiki iliyofuata anakula uji na kunidai sukari. Daktari wa meno aliyekuja kumwona akaniambia nina jicho, kwa nini nisisomee usafi wa kinywa?

Huku kazi hiyo ina leseni yake, mwenye nayo anaitwa haijinisti wa meno. Ndiye anayekukwangua ugaga, anayekupima fizi, anayekupiga eksirei na kukuelekeza mswaki kabla daktari hajaingia. Mafunzo ni miaka miwili katika chuo cha jamii, lakini huingii mpaka umalize kwanza masomo ya msingi: anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, kemia, Kiingereza cha uandishi, saikolojia na sosholojia. Hayo matatu ya mwisho nimemaliza, A tupu. Shida ni ya mwanzo.

Mimi ni mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kemia na fizikia niliziaga kidato cha pili, na baiolojia ya kidato cha nne nilipata D. Januari hii nikajiandikisha Anatomia na Fiziolojia ya Kwanza. Mtihani wa kwanza, wa seli na tishu, nikapata 58. Nilikesha nakariri, kukicha maneno yote yamekimbia. Ile 71 ya mtihani wa pili ilikuwa bahati tu, kwa sababu ulikuwa wa mifupa. Mwisho wa Machi nikajitoa. Kwenye matokeo yangu sasa kuna herufi W.

Kuna jambo jingine, nalitaja tu ili unielewe. Nimekulia Maji ya Chai, Arumeru, na maji yetu unayajua. Meno yangu ni ya kahawia, mawili ya mbele yana vishimo. Nikiwa kidato cha tatu niliyasugua kwa mkaa na limau mwezi mzima, nikaambulia ganzi na fizi kutoka damu. Nikicheka naweka kiganja mdomoni, hata kazini. Katikati ya Machi chuo kiliwaalika wanaotaka kujiunga waje kuona kliniki ya wanafunzi. Pazuri, viti vimepangwa mistari, vinang'aa. Mwalimu akatuambia kwamba muhula wa kwanza wanafunzi husafishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kumgusa mgonjwa. Wenzangu kwenye ziara ile ni mabinti wa miaka kumi na tisa, meno meupe kama maziwa. Lakini hilo si hoja. Hoja ni anatomia.

Mume wangu hajui kwamba nimejitoa. Dola 640 za ada na kitabu zilitoka kwenye zamu yangu ya upatu, fedha ambazo tulisema zitaezeka nyumba ya mama. Jumanne na Alhamisi naaga kama kawaida, nakwenda kukaa maktaba mpaka saa ya kurudi.

Wifi yangu ni nesi. Yeye anasema, "Meno ya nini? Kila Mbongo aliyetoka kimaisha huku katokea uuguzi." Rafiki yangu ananishauri nichukue kemia ya mtandaoni ya wiki nane, rahisi. Mwingine anasema nisomee usaidizi wa daktari wa meno, haufiki mwaka. Na mimi usiku najiuliza kama kichwa changu hiki ni cha sayansi kweli.

Juzi binti yangu wa miaka saba kang'oka meno ya mbele. Kaniuliza, "Mama, yatakayoota yatakuwa kama yako?" Nikajifanya sikusikia.

Nisaidie.

Mama wa Wawili, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za anatomia, kama ulivyotaka. Mara ya pili nikasoma tarehe, na hapo nikavua miwani.

Nitazirudia tarehe zako kama ulivyoziandika. Januari umeanza. Mtihani wa kwanza 58, wa pili 71. Katikati ya Machi umekwenda kuona kliniki, ukasikia kwamba wanafunzi hulaliana kwenye kiti na kufunuliana vinywa. Mwisho wa Machi umejitoa. Mwanafunzi aliyepanda alama kumi na tatu ndiye aliyeacha somo, na ameliacha wiki mbili hivi baada ya kuona kile kiti. Sisemi ndicho kilichokutoa. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya kichwa chako wiki zile. Lakini habari uliyoipa aya nzima kisha ukaifunga kwa "hilo si hoja", mimi nimejifunza kuisoma polepole.

Kabla ya barua zenu nilifundisha anatomia kwa wanafunzi wa uuguzi miaka mingi, kwa hiyo usishangae nikianza na hiyo 71 unayoiita bahati. Mifupa haina bahati. Mtu mzima ana mifupa 206, kichwani na usoni peke yake ipo 22, na kila mmoja una matuta na matundu yenye majina. Ulifanya vizuri zaidi pale kwa sababu mfupa unashikika. Unaweza kupapasa taya lako huku unasoma, ukatafuna hewa ukasikia msuli unavyojaa shavuni. Seli huioni, ndiyo maana karibu kila mgeni wa sayansi huanguka kwenye ule mtihani wa kwanza, tena wengine waliotoka mchepuo wa sayansi. Kukesha unakariri nako hakukusaidii. Unatoka shifti ya usiku, ubongo unaomba usingizi, wewe unaumiminia majina mia mbili ya Kilatini na Kigiriki.

Jambo moja limenishangaza. Umefundisha Kiswahili. Umesimama mbele ya watoto ukawachambulia "hawatatusomesha": ha-wa-ta-tu-som-esh-a, hiki kiambishi cha ukanushi, hiki cha nafsi, hiki cha wakati, huu mzizi. Lugha ya kitabu kile cha anatomia imejengwa vivyo hivyo. Chukua periodontitisi, ugonjwa utakaokutana nao kila siku ukifika huko. Peri ni kuzunguka, odonto ni jino, itisi ni mwako wa uvimbe: uvimbe wa vinavyolizunguka jino. Ukijua viambishi arobaini au hamsini, maneno mengi yanajifungua yenyewe. Mabinti wa miaka kumi na tisa wenye meno meupe wanayakariri yakiwa mazima mazima. Wewe ungeyachambua. Je, uliwahi kulisoma somo lile hivyo, au uliingia darasani ukiwa yule mtoto wa kidato cha nne mwenye D?

Tena rudi kwa mzee wako. Uwekundu na kidonda chini ya meno ya bandia mara nyingi ni kazi ya fangasi waliokuwamo kinywani siku zote, wakapata nafasi pale meno yasipovuliwa usiku. Hiyo ni mikrobiolojia. Wazee wengi wana vinywa vikavu kwa sababu ya dawa wanazotumia, na mate yakipungua kinga ya kinywa inapungua. Hiyo ni fiziolojia. Mzee asiyesafishwa kinywa anaweza kuvuta bakteria zile mpaka mapafuni zikampa nimonia. Haijinisti humuuliza mgonjwa kuhusu kisukari kwa sababu kisukari huharibu fizi, na fizi zilizooza nazo huchafua sukari ya damu. Humuuliza kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, kama ana vali ya bandia moyoni, ndipo anashika chombo. Masomo yale ya msingi hayakuwekwa mlangoni ili yakuzuie usiingie. Ndiyo kazi yenyewe. Na ulikuwa umeianza usiku ule, kwa tochi ya simu.

Kemia nayo unaijua kwa machungu. Ngozi ngumu ya jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini kipimo cha asidi kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, madini yake huanza kuyeyuka. Limau liko karibu na 2. Mwezi mzima ulikuwa unayeyusha jino kwa limau na kulikwangua kwa mkaa, na kahawia haikutoka kwa sababu haikuwa juu ya jino. Imo ndani yake. Mwalimu wa kemia akifika kwenye sura ya asidi na besi, hutahitaji mfano wa kitabuni.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Uuguzi ni kazi ya heshima na wifi yako hakukosea kuhusu Wabongo. Ila angalia orodha ya masomo yake ya kuingilia: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, na mara nyingi kemia pia. Mto ni uleule, umebadilisha kivuko tu. Ukienda huko ukikimbia anatomia, utaikuta imekaa mlangoni inakusubiri. Ukienda kwa sababu unaupenda uuguzi, hayo ni mengine, na barua yako ina maneno mengi kuhusu vinywa, kuhusu uuguzi ina ya wifi tu.

Usaidizi wa daktari wa meno una faida moja kubwa: utakaa ndani ya kliniki, utajua kama kweli unaipenda kazi hii saa nane mfululizo au ulimpenda mzee mmoja. Mshahara wake ni kama nusu tu ya ule wa haijinisti, ambao Marekani huzidi dola 80,000 kwa mwaka mtu akifanya kazi siku zote. Hatari yake naijua kwa niliowaona: mtu anaingia kwa mwaka mmoja, kodi ya nyumba inamzoea, miaka inapita. Ukiichagua, ichague ukiwa umejiwekea tarehe ya kutoka.

Kuhusu kemia ya wiki nane, kabla hujalipa hata senti nenda kwa mshauri wa udahili wa programu unayoitaka, akuandikie kwa barua pepe kama wanaikubali maabara ya mtandaoni. Vyuo vingi havikubali. Muulize pia hiyo W wanaihesabu vipi, unaruhusiwa kurudia somo mara ngapi, na alama za sayansi huisha baada ya miaka mingapi, maana wengi huweka mitano au saba. Programu hizi huchukua wanafunzi wachache kila mwaka na hupanga majina kwa alama za sayansi. Kwa hiyo kurudia haraka ili kufuta aibu kunaweza kukugharimu kuliko kusubiri muhula mmoja ukalala vizuri. W haisemi ulifeli. Inasema uliondoka.

Na ukirudia? Basi shifti ya usiku na anatomia havitakaa chungu kimoja, hilo nalisema kwa uhakika wa mwalimu. Kitu kimoja kitapungua. Mwishoni pia kuna mtihani mrefu wa kitaifa, wote kwa Kiingereza, mengine yakiwa visa virefu vya wagonjwa. Huo ndio unaowachosha wenye lugha ya pili, lakini mtu aliyepata A ya Kiingereza cha uandishi sitamlilia mapema. Ninalolihofia zaidi ni mgongo wako. Mahaijinisti huumia shingo, mabega na viganja kwa kuinama na kukwangua miaka na miaka. Nenda kwa daktari sasa, umwambie unafikiria kazi gani, usikie atasema nini. Na kama wewe na mume wako mna nia ya kurudi nyumbani miaka ya karibuni, lizungumzeni. Leseni hiyo ni ya jimbo, na Tanzania kazi ya kusafisha meno hufanywa na madaktari wa meno na matabibu wa meno, si na kada inayojitegemea kama ya huko.

Turudi kwenye kiti.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama ya watu wa Maji ya Chai. Hakuna aliyejua sababu. Akalifuatilia jambo hilo miaka thelathini, na njiani akagundua kitu cha ajabu: meno yale hayakuwa yanaoza ovyo. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji akaona floridi nyingi, madini ambayo yakizidi huyatia meno kahawia yakiwa bado yanaumbwa, lakini yakiwa kidogo huyalinda yasioze. Kutokana na hapo, mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floridi kidogo kwenye maji yake kwa makusudi. Hata jimboni kwako, mji wa Hereford ulisifiwa miaka ya 1940 kuwa mji usiojua maumivu ya jino, kwa sababu hiyohiyo ya maji. Floridi iliyomo kwenye dawa ya meno ya wale mabinti imeingia humo kwa sababu kuna mtu aliyeinama akatazama vinywa vya watu wenye meno kama yako bila kuwacheka.

Sikuambii hivi ili uyapende meno yako kwa nguvu. Waweza kuyajua yote haya na bado ukaona haya ukifumbua kinywa mbele ya darasa. Tena kuna wengine watakodoa macho, tusidanganyane. Ila unazo njia. Unaweza kuonana na mwalimu wa kliniki faragha kabla ya muhula, ukamwambia. Unaweza kuuliza bei ya kliniki ya chuo, ambayo kwa kawaida ni nafuu, ukaonwa hivyo vishimo, kwa sababu jino lenye vishimo linaweza kuoza hata kama lina floridi. Madaktari wana namna ya kupunguza madoa au kuyafunika, nyingine rahisi kidogo, nyingine ghali sana. Au unaweza kuingia nayo hivyohivyo. Mimi nisingekuchagulia. Nakuuliza tu: kama meno yako yangekuwa meupe, Machi ile ungejitoa?

Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua utamwambia nini mume wako. Ukimwambia "anatomia imenishinda", atakusaidia kutafuta somo rahisi. Ukimwambia habari ya kiti, atakusaidia jambo jingine. Sijui ni mume wa namna gani, na wewe hukuandika hata neno moja baya juu yake. Dola 640 zinauma, na paa la mama ni paa la mama. Lakini kinachonitisha zaidi ni zile Jumanne na Alhamisi. Kila wiki unayokwenda kukaa maktaba, unachotakiwa kumweleza kinaongezeka, na fedha inazidi kuwa sehemu ndogo ya maelezo hayo. Huenda ukachagua kungoja mpaka ujue chuo kimesema nini, ili uende na mpango mkononi. Naelewa. Ila jiwekee siku, usiuachie muhula uishe ndipo aulize matokeo.

Na kwa kuwa tumeanza na darasa: daktari Alfred Fones alipoanzisha mafunzo ya kwanza ya kazi hii kule Bridgeport, Connecticut, mwaka 1913, miongoni mwa wanawake walioketi darasa lile walikuwamo walimu wa shule. Wahitimu wengi wakapelekwa kwenye shule za mji ule kuwasafisha watoto meno na kuwafundisha. Nimeona ulijue hilo.

Limebaki swali la binti yako, ambalo nadhani ameshaanza kulijibu mwenyewe kwa kuwa ulinyamaza. Mwite leo jioni. Mwambie meno ya utu uzima hutengenezwa ndani ya taya wakati mtoto bado mdogo sana, na mama akiwa mdogo alikunywa maji ya mto wenye madini mengi, madini yakaingia kwenye jino likiwa bado linaumbwa. Hakurithishwa na mtu, na hakukosa kupiga mswaki. Mwambie meno yake yeye ya mbele yameshaumbwa, yako tayari chini ya fizi, na yameumbwa kwa maji mengine. Halafu mwache ayapapase kwa kidole pale palipo na pengo, asikie ncha yake inavyokuja. Wewe fumbua kinywa umwonyeshe yako, bila kiganja.

Niandikie ukishaonana na mtu wa udahili.